Injini Inayopiga Maji

Katika kitongoji chote cha Voladoras, mtu pekee aliyerithi mtambo wa gongo kwa baba yake akautumia kutengenezea maji alikuwa Herminio Cordero. Marehemu baba yake aliwalewesha watu wa mji wa Moca kwa miaka arobaini, Krismasi hadi Krismasi, na polisi wenyewe walikuwa wateja wazuri. Mwanawe akachukua pipa lile lile la shaba na mrija wake uliojikunja, akatia maji ya bomba, akawasha moto. Tone la kwanza lilipoanguka kwenye galoni alilionja, akatabasamu, kwa sababu halikuwa na ladha yoyote. Majirani walisema hizo ndizo dalili za mwanamume aliyekimbiwa na mke.

Mke alikimbia kweli, au tuseme alikwenda Bayamón kumuuguza dada yake, dada akapona, yeye akasahau njia ya kurudi. Huu mwaka wa sita. Lakini mke hakuhusika na maji hayo. Maji yalikuwa ya gari.

Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mashindano, na liliketi chini kiasi kwamba kuku wa mama yake waliliruka bila kujisumbua. Lilikaa kwenye banda la mbele ya nyumba, mahali ambapo watu wengine huweka viti vya kubembea. Chini ya boneti mlikuwa na injini ya rotari, na katika kisiwa cha Puerto Rico ukitaja rotari hata mtu mwenye haraka zake anasimama kusikiliza. Injini hii haina pistoni za kupanda na kushuka. Ndani yake mna vipande viwili vya chuma vyenye pembe tatu, umbo la sambusa iliyovimba, vinavyozunguka na kuzunguka mpaka mlio wake unasikika kitongoji cha pili. Kwenye kila pembe pana ulimi mwembamba wa chuma, na ulimi huo ndio roho ya mambo yote. Hewa inayosukumwa na turbo ikiingia ikiwa ya moto mno, petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Injini hugonga mara moja tu, ko, na ulimi unakatika. Injini ya kawaida ikigonga hulalamika siku nyingi, nawe unapata muda wa kuipeleka gereji. Rotari haikupi hata nafasi ya kutubu.

Injini mbili zilikwisha kufa hivyo, zote zikiwa na Neftalí kwenye usukani. Neftalí alikuwa mtoto wake wa pekee. Ya pili ilikufa mwezi mmoja kabla ya kile kimbunga kikubwa kilichopiga kisiwa kizima. Kimbunga kikapita, umeme ukakatika miezi saba, na Neftalí akapanda ndege kwenda Kissimmee, Florida, kufanya kazi ya ghala kwa wiki sita. Wiki sita hizo zilikuwa zimetimiza miaka mitatu.

Kila Jumapili baada ya misa alipiga simu, na kila Jumapili baba yake alimuuliza swali lile lile: unarudi lini? Jibu nalo lilikuwa lile lile. "Baba, jenga injini inayoshika, isiyokatika ulimi. Siku ikishika, narudi. Siwezi kuacha kazi nije kusukuma gari bovu."

Herminio hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kula na mama mkongwe anayelala saa moja jioni, kisha kukaa peke yake akisikiliza friji. Kama kilichosimama kati yake na mwanawe ni ulimi wa chuma wenye urefu wa kidole, basi yeye ni fundi, na hilo ni jambo la kifundi. Akaanza kutafuta njia ya kuipoza ile hewa, na njia aliyoipata ni maji.

Pampu aliitoa kwenye bomba la kunyunyizia dawa ya kahawa. Tangi lilikuwa la maji ya kuoshea kioo, akalihamishia nyuma ya kiti. Kazi yote ilikuwa kwenye nozeli, kijidude cha shaba chenye tundu ambalo unywele wa mtoto ungepita kwa kubanwa. Turbo ikifika presha fulani, pampu inawaka, na nozeli inapuliza ukungu kwenye njia ya hewa. Tundu dogo hivyo halitaki mchezo. Maji ya bomba ya Moca yana chokaa, ukiyachemsha birika linapata ukoko mweupe. Ndiyo maana akaukumbuka mtambo wa marehemu.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Gume, mwenye duka la matairi ng'ambo ya barabara, aliyemsimamia Neftalí kwenye ubatizo na tangu hapo akajihesabu mtu wa nyumbani. Alikuwa akija na kiti chake cha kukunja, anakaa mbele ya mtambo kama mtu aliye kwenye sherehe.

"Herminio, nakuuliza kwa heshima zote. Mtu mzima ana mtambo wa gongo, anatoa maji. Huoni aibu kwa marehemu?"

"Marehemu alikufa kwa ini."

"Alikufa akicheka! Na hayo maji yanakwenda wapi?"

"Kwenye injini."

"Kwenye rejeta, unataka kusema."

"Kwenye injini, Gume. Mdomoni mwake. Ni ukungu tu, kama pumzi yako kwenye kioo. Unapoza hewa, injini haigongi. Ndege za kivita zilifanya hivi zamani."

"Ndege za kivita." Gume aligeukia kuku, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumshuhudia. "Mmesikia? Miaka yote nasema mtu huyu ni kichwa maji, hamkuniamini. Sasa amelifundisha na gari. Gari linapiga maji kuliko mimi."

"Hakuna kitu kinachopiga maji kuliko wewe."

"Basi siku likija kwangu nitalitilia ramu, lijue ladha ya dunia."

Herminio alicheka, akaendelea kukaza nati. Alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo miaka mingi. Hakumwambia Gume kwamba alishapaka rangi chumba cha Neftalí na kununua godoro jipya. Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Mwezi wa kumi Neftalí alikubali kuja. Siku nne: afike Ijumaa, Jumapili wakimbie kwenye uwanja wa mashindano wa Salinas, Jumatatu arudi. "Ikishika, baba, tutaongea mambo ya kurudi Desemba," alisema kwenye simu. Herminio akalirudia neno Desemba peke yake jikoni, kwa sauti, mara mbili.

Ijumaa mchana kijana akashuka kwenye gari la baba yake na begi moja dogo. Doña Provi, bibi yake, miaka themanini na minne, alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi.

"Nibariki, bibi."

"Mungu akubariki, mwanangu. Umekonda! Huko hawapiki?"

Alikuwa amenenepa kilo kumi. Akabusu mkono wa bibi, akala wali wa mbaazi sahani mbili, na sahani ya tatu akalazimishwa. Kisha wakaenda bandani, na doña Provi akawafuata na fimbo yake, jambo ambalo si kawaida yake. Gari hilo alilichukia. Alikuwa ameliona mara mbili likiburutwa kurudi nyumbani.

"Na hapa," aliuliza, akinyoosha fimbo nyuma ya kiti, "ndipo mnapotia maji?"

"Ndipo, mama. Usiguse."

"Nani anagusa? Nauliza tu. Na ni maji kweli?"

"Maji tupu, bibi," Neftalí akasema akicheka. "Baba amekuwa mlokole wa maji."

Bibi hakucheka. Alilitazama lile tangi, akamtazama mjukuu wake, akarudi ndani polepole.

Jumamosi asubuhi walilitoa gari kwenye barabara ya nyuma ya mashamba ya miwa yaliyokufa, ambako hakuna nyumba wala ng'ombe. Neftalí alishika usukani, baba yake akakaa pembeni akiwa amekodolea macho geji na taa ndogo ya kijani aliyoifunga mwenyewe. Taa ikiwaka, pampu inafanya kazi. Neftalí akavuta gia ya pili, turbo ikaanza kupiga mluzi, taa ikawaka. Gia ya tatu. Presha ikapita pale zilipofia zile injini mbili. Ikapita tena. Herminio alikuwa amefumba jicho moja bila kujijua. Injini ikalia, ikalia, haikugonga.

"Baba!" Neftalí alipiga kelele. "Baba, haigongi! Mama yangu weee, haigongi!"

Walikimbia mara nne. Mara ya nne waliposimama, wote wawili walikuwa wanacheka hovyo, machozi yanawatoka, kama walivyokuwa wakicheka zamani kijana akiwa na miaka kumi na minne na gari likiwa halina hata milango. Herminio akamtazama mwanawe kwa upande, shavu lile, ndevu zile zilizoota huko ugenini, akaona huo ndio wakati.

"Basi Desemba," akasema.

Neftalí aliacha kucheka. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. "Tuone kesho kwanza, baba."

Mtu anayetaka jambo sana hasikii vizuri. Herminio alisikia "kesho" tu, akafurahi.

Jumapili walivuka milima na gari juu ya trela, Gume akiwa kiti cha nyuma cha pikapu na kapu la chakula la doña Provi mapajani. Salinas ilikuwa imejaa. Jua la kusini lilichoma lami, watu walikaa juu ya mapaa ya magari yao, na kila dakika mbili rotari moja iliondoka ikipasua masikio, watoto wakiruka kwa furaha. Wazee waliomjua Herminio walikuja kuchungulia tangi. Mmoja akauliza kama anafuga samaki.

Zamu yao ilipofika, Neftalí akajifunga mikanda, akavaa kofia ngumu. Baba yake akainama dirishani. Alikuwa na hotuba nzima tayari, lakini kilichotoka ni, "Iangalie taa."

"Nitaiangalia."

Taa za mstari wa kuanzia zikashuka moja moja, ikaja ya kijani, gari likaruka. Gia ya kwanza safi. Ya pili safi. Herminio alisimama kwenye uzio, anahesabu kwa midomo. Ya tatu ilipoingia, katikati ya kelele za watu elfu na muziki wa vibanda vya sambusa, alisikia ko. Gume aliyesimama hatua moja kutoka kwake hakusikia kitu. Kisha moshi mweupe ukatoka nyuma ya gari, mlio ukapungua, ukawa ule wa mashine mbovu ya kukatia majani, na gari likajivuta mpaka mwisho wa uwanja na kusimama.

Herminio alikimbia njia yote. Akamkuta Neftalí ameshatoka, mzima, amekaa juu ya tairi la akiba na kofia miguuni.

"Taa iliwaka, baba. Naapa. Iliwaka muda wote."

Taa ilikuwa imewaka kweli, na pampu ilikuwa nzima. Herminio alifungua boneti, akafungua nozeli kwa vidole vilivyokuwa vinaungua, akaiinua juani. Hakuona tundu. Pale palipokuwa na tundu palikuwa na ukoko mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akauweka ulimini.

Chumvi.

Alisimama pale akiwa na chumvi mdomoni na hakuelewa. Maji ya mtambo wake hayana chumvi, hayana kitu. Lakini kama chumvi iliingia kabla ya Jumamosi, basi siku hiyo ilipita kwenye nozeli ikiwa imeyeyuka, na chujio la pampu haliwezi kuzuia kitu kilichoyeyuka. Usiku injini ikiwa bado ya moto, maji yakakauka ndani ya tundu, chumvi ikabaki. Leo pampu imesukuma, presha imepanda, taa imewaka, na hakuna hata tone lililotoka. Yeye mwenyewe aliweka taa ya kuonyesha pampu. Hakuweka ya kuonyesha maji.

"Ni nini?" Neftalí akauliza.

"Chumvi."

"Chumvi? Nani kaweka chumvi?" Akasimama. Macho yake yakatua kwa Gume, aliyekuwa anafika anahema, kiti chake kwapani. "Mzee Gume. Wewe si ndiye uliyemwambia baba utalitilia kitu?"

"Ramu!" Gume akasema. "Nilisema ramu, mwanangu, tena kwa mzaha!"

"Mzaha. Mimi nimetoka Florida, baba yangu kakesha miaka mitatu, wewe unafanya mzaha."

"Neftalí, mimi ndiye niliyekushika kichwa ukitiwa maji ya ubatizo. Nitie chumvi kwenye gari lako?"

"Nani mwingine alikuwa bandani?"

Simu ya Herminio ikalia mfukoni. Alikuwa mama yake. Akaipokea ili apate mahali pa kuweka sikio.

"Mtoto mzima?" doña Provi akauliza, bila salamu.

"Mzima, mama. Injini imekufa, lakini yeye mzima."

"Asante Mungu wangu! Nilijua. Nilijua tu." Sauti ilikuwa ya furaha tupu. "Sasa naweza kukwambia. Ijumaa mlipolala nilimwagia kwenye lile tangi maji ya baraka. Chupa nzima, niliyoileta kutoka kanisani. Na chumvi iliyobarikiwa, nikaongeza na yangu ya jikoni, maana padre siku hizi mkono wake mwepesi, anatia punje tatu. Nikasema, kama ni maji linataka, basi linywe yenye kumlinda mjukuu wangu. Umeona kazi yake? Chuma kimepasuka, mtoto hana hata mkwaruzo."

Herminio aliibana simu sikioni. Mbele yake Neftalí alikuwa anamsogelea Gume, na Gume alikuwa amekilaza kiti chini, mzee wa miaka sitini na tano anakaribia kulia mbele za watu.

"Upo?" mama akauliza.

"Nipo, mama. Umefanya vizuri. Tukifika tutaongea."

Akakata simu. Kulikuwa na maneno mawili tu ya kusema, bibi yako, na kila kitu kingekaa mahali pake. Injini haikuwa na kosa, mkono wake haukuwa na kosa, Desemba ingebaki Desemba. Na jioni hiyo mjukuu angeingia nyumbani akamtazama bibi yake kwa macho yale anayomtazamia Gume sasa.

"Mwache mzee wa watu," Herminio akasema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliusugua mtambo kwa chumvi na ndimu, shaba ing'ae. Sikuusuuza vizuri. Nilisahau."

Neftalí alimgeukia. "Umesahau? Wewe?"

"Nimesahau."

Herminio alitegemea matusi, na angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini hasira ilimtoka kijana usoni, na kilichoingia badala yake kilikuwa huruma. Akamwekea baba yake mkono begani, taratibu, vile mtu anavyomshika mzee anayemvusha barabara. "Si kitu, baba. Umri nao. Hutokea." Kisha akamwomba Gume msamaha, na Gume akaupokea. Gume hakuamini hata kidogo ule uongo. Alimjua Herminio miaka hamsini. Huyo ni mtu anayesuuza hata spana. Alimtazama tu, akakunja kiti chake, akaenda kufunga trela.

Njia nzima ya kurudi Neftalí aliendesha yeye. "Usichoke, baba," alisema. Alizungumza habari za hali ya hewa ya Florida, na kwamba huko kuna nyumba za wazee nzuri, zina bustani, bibi angezipenda. Herminio alitazama migomba dirishani. Moyo ulimuuma kuliko siku mkewe alipopiga simu kutoka Bayamón kusema asimsubiri.

Jumatatu asubuhi walikunywa kahawa jikoni, watatu, begi likiwa mlangoni. Doña Provi alikuwa amevaa gauni la kanisani kwa ajili ya kuaga. Hakuwa mtu wa kukaa na jambo zuri kifuani.

"Wewe unadhani ulipona kwa bahati?" akamwambia mjukuu wake. "Baba yako hajakwambia? Nilikutilia maji ya baraka mle kwenye tangi. Na chumvi, mkono mzima."

Herminio alishusha kikombe. Neftalí alikuwa amepeleka mkate mdomoni, mkate ukabaki hapo hapo. Akamtazama bibi, kisha akamgeukia baba yake, na Herminio akatikisa kichwa kidogo sana.

"Yalinisaidia, bibi," Neftalí akasema mwishowe. "Sikuumia hata kidogo."

"Si nilisema?"

"Ulisema, bibi. Nibariki."

Herminio aliendesha pikapu mpaka wakauacha mji wa Moca nyuma. Neftalí ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ana miaka themanini na minne."

"Mimi nilikuwa nimeshaanza kukutafutia nyumba ya wazee."

"Nilisikia. Ina bustani."

Wakacheka kidogo, na kicheko hicho kilimfungua Herminio ulimi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini asubuhi hiyo alimwaga. Alisema basi sasa unajua mkono wangu bado mzima. Alisema Jumamosi uliiona mwenyewe, presha ilipita na haikugonga, njia ni sahihi kabisa. Kuna mtu mjini Ponce ana ndimi mpya na sambusa mbili za chuma ambazo hazijaguswa. Miezi mitatu tu. Tangi nitalitia kifuniko cha ufunguo, bibi yako asilifikie, na taa nitaweka mbili, moja ya pampu na moja ya maji yenyewe. Desemba haiwezekani tena, hilo nalijua, lakini Pasaka. Pasaka injini itakuwa inashika.

"Baba."

"Au hata kabla ya Pasaka, nikianza leo."

"Baba. Hata ingeshika."

"Ingeshika nini?"

"Injini. Hata ingeshika jana, nisingerudi."

Mbele yao lori la mikate lilisimama, Herminio akasimama nyuma yake. Lori likaondoka. Yeye hakuondoka mpaka wa nyuma walipopiga honi.

"Nimesaini mkataba wa nyumba huko tangu mwezi wa tatu," Neftalí akasema, akiangalia mikono yake. "Kuna mtu, anaitwa Damaris. Ana mtoto wa kike, miaka minne. Sijui kwa nini sikukwambia. Kila Jumapili ulikuwa unaniuliza narudi lini, kila Jumapili, na mimi sikuwa na jibu, nikasema injini. Nilidhani haitashika kamwe. Samahani, baba. Nilidhani utachoka, utaacha. Halafu Jumamosi ikashika kweli, na mimi nikafurahi, naapa nilifurahi, halafu nikaogopa. Usiku sikulala. Na jana ilipogonga..."

"Usiseme."

"Nilishusha pumzi, baba. Mungu anisamehe. Ilipogonga nilishusha pumzi."

Herminio aliendesha. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira kila mahali, hakuiona. Alichokiona ni miaka mitatu: pampu ile, tundu lile, matone yale galoni baada ya galoni, vyote vikiwa jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Kweli alikuwa peke yake muda wote huo, hata pale alipodhani wako wawili.

Uwanja wa ndege wa Aguadilla ni mdogo, hauna mahali pa kujificha. Akamshushia begi.

"Anaitwa nani, huyo mtoto?"

"Anaelys."

"Anapenda magari?"

"Anaogopa kelele."

"Ah," Herminio akasema. "Basi ana akili."

Neftalí akamkumbatia kwa nguvu, akaomba baraka, akapewa. Kisha akaingia ndani na mlango wa kioo ukajifunga.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa amekaa kibarazani na gauni lake lile lile. Alikuwa amemsubiri, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa matumaini.

"Amesemaje? Atarudi lini?"

Herminio alimtazama. Akatazama bandani, gari likiwa juu ya trela, boneti wazi, mafuta yamedondoka chini.

"Injini ikipona, mama," akasema. "Amesema siku injini ikishika, anarudi."

"Basi itengeneze upesi, mwanangu. Mimi siku zangu si nyingi."

Akasema sawa, mama. Akaingia ndani akavaa ovaroli, akatoka na spana ya kumi na saba, na kabla kahawa ya asubuhi haijapoa vizuri kwenye birika alikuwa amefungua nati ya kwanza.